Nyungu za Ziwa Kisale na Sahani za China



Katekista mmoja wa upande wa maziwa alitufikia hapa Kamina na kipande cha nyungu alichokifunga katika kitambaa. Watu wa kijiji chake walikuwa wakichimba udongo wa kufanya matofali ya shule, jembe likagonga mifupa ya mtu. Kando ya mifupa ile zilikuwako nyungu tatu nzima, na juu ya kifua msalaba mdogo wa mukuba. Wazee walisema: funikeni. Vijana walisema: tuuze. Yeye katekista aliona ni mambo ya kipagani, akaamuru nyungu zivunjwe. Msalaba peke yake aliuacha, kwa kuwa ni msalaba. Usiku ule hakulala vema. Asubuhi aliokota kipande kimoja, chekundu, laini kama ngozi, akatuletea pamoja na maswali mawili. Nyungu hizi ni za watu gani? Na wale waliozikwa na msalaba kifuani, je, walikuwa Wakristu kabla yetu?

Hatukumkaripia. Wengi kati yetu tungefanya vile vile, na wengine wamekwisha kufanya. Lakini maswali yake ni ya maana kwa vijana wa seminari, kwa mapadri na kwa wakatekista wa nchi hii, kwani mwenye kuyajibu ovyo atawafundisha watu uongo juu ya wankambo wao, hata akiwa na nia njema. Twataka kuyajibu polepole. Na kwa sababu itakayoonekana mbele, twaanza mbali sana, kule China.

Katika jimbo la Jiangxi uko mji unaoitwa Jingdezhen. Watu wake wamefanya vyombo vya porselini kwa mamia ya myaka. Porselini si kama udongo wa nyungu zetu. Ni udongo mweupe uitwao kaolini, uliochanganywa na unga wa jiwe, ukachomwa ndani ya tanuru kwa moto wa digri karibu 1,300, hata ukawa mgumu na kulia kama kengele ukigongwa. Kabla ya kuchoma, fundi anachora juu yake kwa kobalti. Sisi watu wa Katanga twaijua kobalti, kwani inachimbwa Kolwezi pamoja na mukuba. Lakini si wote wanaojua kwamba zamani watu waliitafuta kwa ajili ya rangi yake ya buluu, ya kupaka vyombo na vioo.

Basi, namna ya kuchora ile buluu juu ya nyeupe haikukaa moja. Katika karne ya 14, zamani za watawala Wamongoli, fundi alijaza chombo chote: maua, samaki, joka, mistari juu ya mistari, pasipo kuacha nafasi. Kobalti nzuri ilitoka nchi ya Uajemi. Vyombo viwili virefu vya maua vya namna hii, vilivyotolewa kwa hekalu mwaka 1351, vimeandikwa tarehe shingoni, na siku ya leo viko London. Kiisha ikaja enzi ya jamaa ya Ming, toka 1368 mpaka 1644. Chini ya Kaisari Xuande (1426-1435) buluu ikawa nzito, yenye madoa meusi mahali kobalti ilipolundikana. Chini ya Chenghua (1465-1487) vyombo vikawa vidogo na vyembamba, na rangi yake ya upole. Mwisho wa karne ya 16, chini ya Wanli, mashua za Wareno, na nyuma yao za Waholanzi, zilinunua sahani kwa maelfu. Fundi akagawanya ukingo wa sahani kama vyumba vyumba, kila chumba na ua lake ao alama yake, kazi ya mbiombio. Zamani za Kangxi (1662-1722) rangi ilitakata, na mchoraji akajua kuipaka hafifu hapa na nzito pale, hata mlima wa mbali ukaonekana kuwa mbali kweli.

Tuangalie jambo moja hapa. Watawala walibadilika, wanunuzi walibadilika, kobalti ilitoka mahali pengine na pengine. Lakini mji ni ule ule, na kazi ilipita toka baba kwa mtoto. Mtu aliyeokota vipande vya sahani hizi zote pasipo kitabu angeweza kusema: hapa walipita makabila matano, kila moja likimfukuza mwenzake. Angekosa kabisa.

Jambo la pili. Chini ya sahani nyingi limeandikwa jina la Kaisari, na mtu atadhani kwamba hiyo yatosha kujua myaka yake. Haitoshi. Mafundi wa zamani za Kangxi waliandika mara nyingi jina la Xuande ao la Chenghua, wengine kwa heshima ya wazee, wengine kwa kutafuta bei. Tena mwaka 1677 mkubwa wa mji alikataza wasiandike jina la Kaisari aliyekuwa akitawala. Ndiyo maana wenye elimu ya vyombo hutazama kwanza umbo, rangi na mkono wa mchoraji, na chapa baadaye. Chapa huweza kudanganya. Mkono wa fundi ni shida kudanganya.

Na la tatu. Katika karne ya 16 Wareno waliagiza Jingdezhen vyombo vya buluu vyenye herufi IHS, ndiyo alama ya jina takatifu la Yezu. Fundi alinakili karatasi aliyopewa. Mwenye kuona herufi zile haruhusiwi kusema kwamba mikono iliyozichora ilikuwa imebatizwa. Tulishike neno hili. Tutalihitaji tukirudi kwa msalaba wa katekista wetu.

Nani aliyewafahamisha watu wa Ulaya ginsi kazi ile ilivyofanyika? Padri. Padri François Xavier d'Entrecolles, Mfaransa wa shirika la Wayezuiti, alikuwa na Wakristu wake kule Jingdezhen, na wengine kati yao walikuwa wafanya kazi wa porselini. Aliwauliza, akaenda kutazama kwa macho yake, akaandika barua ndefu mwaka 1712. Aliandika juu ya udongo, juu ya tanuru, juu ya mikono mingi ambayo sahani moja ilipita. Haikumpotezea kitu katika upadri wake.

Sahani za China zilipita bahari mpaka pwani ya Afrika ya mashariki. Vipande vyake vimepatikana kwa wingi Kilwa na Gedi, na kule Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, watu walizipachika katika chokaa ya makaburi ya wakubwa wao. Lugha yetu imetunza ukumbusho wa mambo hayo, kwani Waswahili wa pwani huita porselini kauri, na kauri ni jina la simbi pia, kile kigamba cheupe cha bahari. Wazungu nao walifanya vile vile pasipo kuulizana na Waswahili: jina porselini limetoka kwa neno la Kiitaliano la simbi. Sasa, kutoka pwani mpaka ziwa Kisale ni zaidi ya kilometri 1,300. Huku hazikuja sahani. Zilikuja simbi, zikipita toka mkono kwa mkono, na zimeonekana katika makaburi ya bonde letu, pamoja na ushanga wa kioo. Huko ndiko twaenda.

Msomaji akipanda gari la moshi hapa Kamina mpaka Bukama, atakuta mto Lualaba. Toka pale mto waingia katika bonde pana la maziwa na mafunjo: Upemba, Kisale, Kabamba, na mengine madogo. Ni nchi ya samaki na ya ndege, na mafuriko huleta udongo mzuri kila mwaka. Watu wamekaa humo zaidi ya myaka 1,500. Mahali pasipofikiwa na maji ni pachache, basi palepale walijenga na palepale walizika, kizazi juu ya kizazi. Kijiji cha Sanga, kando ya Kisale, kimejengwa juu ya makaburi yenyewe. Mama akichimba shimo la nguzo ya jiko, huweza kumfikia mtu wa karne ya 11.

Mwaka 1957 na 1958 walikuja Sanga Bwana Jean Hiernaux na Bwana Jacques Nenquin, Wabelgiji, wakafungua makaburi kwa utaratibu, wakipima na kuchora kila kitu mahali kilipolala. Mwaka 1959 Hiernaux na wenzake walichimba Katoto, karibu na Bukama. Kiisha, mwaka 1974 na 1975, Bwana Pierre de Maret alichimba tena Sanga, akachimba na Katongo, Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu. Vyombo vilivyotoka mle vimetunzwa katika nyumba za makumbusho, kama ile ya Lubumbashi na ile ya Tervuren kule Ubelgiji.

Nyungu za Kisale hazina jina la Kaisari. Walijuaje basi ipi ya kwanza na ipi ya mwisho? Kwa njia mbili. Ya kwanza kila mchimba kaburi anaielewa: kaburi likikata kaburi jingine, lililokatwa ndilo la zamani. Katika kiwanja chenye makaburi yaliyosongana kama Sanga, ukiandika kwa uangalifu lipi limekata lipi, na ndani ya lipi iko nyungu ya namna gani, utapata mfuatano wote. Njia ya pili ni makaa na mifupa. Kila chenye uhai hupokea toka hewani ao toka chakula chake kitu kiitwacho karboni 14. Kikisha kufa hakipokei tena, na karboni ile inapungua kwa mwendo unaojulikana: nusu yake inakwisha kwa myaka karibu 5,700. Ukipima iliyobaki, unajua myaka iliyopita, si kwa mwaka mmoja, lakini kwa karne karibu. Tarehe mbili za kwanza za Sanga zilianguka katika karne ya 8 na ya 9. Wengi walishangaa, kwani walidhani historia ya bonde hili ni ya myaka mia tatu ao mia ine tu.

Hapo mwanzo hata wenye elimu walikuwa katika shida. Katika vyombo vya Sanga, Nenquin alitenga namna tatu: nyungu alizoziita za Kisale, nyungu za Mulongo, na zile zilizopakwa udongo mwekundu. Haikujulikana bado kama zilifuatana ao zilikaa pamoja, na ilikuwa rahisi kuwaza makabila matatu yaliyokaa kandokando, kila moja na nyungu zake. Kazi ya 1974 na 1975 ilionyesha kwamba zilifuatana. Za Kisale zilitangulia. Za Mulongo na zile nyekundu zilikuja nyuma yake, katika wakati ambao leo huitwa wa Kabamba. Ni lile kosa la mwenye kuokota sahani za Jingdezhen.

Twende sasa kwa mfuatano wenyewe. Wakati wa kwanza huitwa wa Kamilamba, toka karne ya 5 mpaka ya 7 hivi. Watu walijua chuma, walibumba nyungu, lakini vilivyobaki ni vichache, hatukawii hapo.

Kiisha yaja Kisale ya kale, toka karne ya 8 mpaka ya 10. Makaburi yake yaliyofunguliwa ni machache vile vile, lakini moja la Kamilamba lapita mengine yote. Mtu aliyelala mle alipewa shoka ya heshima yenye mpini uliopambwa kwa misumari midogo ya chuma, na karibu na kichwa chake chuma kizito cha mfua chuma, kile cha kufulia. Mluba ye yote anayesoma haya ameshtuka, kwani shoka iliyopambwa namna ile ni alama ya wakubwa wa Kiluba, na chuma cha mfua chuma kina mahali pake katika kumsimika mfalme. Kati ya kaburi lile na wafalme wa Kiluba ambao Wazungu waliwakuta, iko zaidi ya myaka 800.

Kisale yenyewe, iliyokomaa, ilijaa katika karne ya 11 mpaka ya 13. Hapa twataka kukaa kidogo, maana ni vyombo vizuri kupita vyote vilivyopatikana katika nchi yetu. Vilibumbwa kwa mkono, pasipo gurudumu, vikachomwa pasipo tanuru kama la China. Nyungu ina tumbo la mviringo, chini hakuna ubapa, shingo inakatwa kwa pembe, na mdomo wake unajikunja kuelekea ndani. Nyingine zina mikono, nyingine zina mlizamu wa kumiminia. Mapambo yalichorwa kwa kitu chenye ncha wakati udongo ulipokuwa mbichi, mistari na alama ndogo zilizopangwa shingoni na mabegani, na tumbo likaachwa laini. Fundi alijua kuacha nafasi.

Kaburi moja huweza kuwa na vyombo ishirini na zaidi. Pamoja navyo wamekuta mikufu na vikuku vya mukuba, mikuki, visu, ndoano za kuvulia, pembe za tembo zilizochongwa. Na kati ya nyungu, kiko chombo ambacho mvuvi wa Kinkondja asingehitaji kuelezwa: mbabula ndogo ya udongo, yenye meno matatu juu ya ukingo ya kushikilia nyungu, kama mafiga matatu. Hata siku hizi wavuvi wameonekana na mbabula kama ile ndani ya mtumbwi, wapike pasipo kuchoma mbao. Wakubwa walikuja, wakubwa walienda, bali mahitaji ya mtu anayelala juu ya maji hayakubadilika, na mbabula haikubadilika.

Jambo linalotugusa zaidi ni makaburi ya watoto. Nyungu nyingi za Kisale hazina alama ya masizi wala ya kuchakaa. Zilibumbwa kwa ajili ya mazishi. Tena ukubwa wake ulimfuata aliyekufa. Mtoto mdogo alipewa nyungu ndogo, mwenye kukua kidogo alipewa za kukua kidogo, mkubwa alipewa za mkubwa. Mama fulani, myaka 900 iliyopita, alikaa kando ya Kisale akabumba nyungu isiyopita ngumi, yenye shingo na mdomo na mapambo yote kama ya watu wazima, akijua kwamba haitapika kitu katika dunia hii. Twasema mama, kwa sababu katika vijiji vyetu hii ni kazi ya mama. Makaburi yenyewe hayasemi.

Wakati huo huo, kule Katoto, watu walizika kwa namna nyingine: waliwakunja wafu, na mara nyingine waliwaweka wengi katika shimo moja. Nyungu zao zina umbo lao na mapambo yao. Lakini nyungu za namna ya Kisale zimeonekana mle pia. Basi walijuana.

Toka karne ya 14 mambo yanageuka. Ndio wakati wa Kabamba, jina la ziwa jingine la bonde. Nyungu zinakuwa za maumbo machache. Mlizamu na midomo iliyokunjwa inaachwa. Baadhi ya vyombo vinapakwa udongo mwekundu mwembamba na kusuguliwa mpaka ving'ae. Vitu vya kaburi vinapungua. Mwenye kupenda uzuri atasema kazi imeshuka. Twaona ni hukumu ya haraka. Bakuli jekundu la Kabamba, lisilo na mstari hata mmoja, lataka mkono wenye uvumilivu mwingi kuliko wa kuchora.

Katika wakati huo inaonekana misalaba ya mukuba. Si misalaba ya kuchonga, ni mukuba ulioyeyushwa na kumiminwa katika kalibu yenye mikono mine. Mukuba wenyewe ulitoka kusini, katika nchi ya machimbo, mbali na maziwa. Mgr Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini, aliyekuwa askofu kule Katanga, aliandika mwaka 1926 juu ya wazee waliojua bado kazi ile ya kuyeyusha, akawaita wala mukuba. Katika Kabamba ya kwanza, mpaka karne ya 15 hivi, misalaba ni michache kwa kila kaburi, tena mara nyingi inalala juu ya kifua: ni mali, ni heshima. Katika Kabamba ya pili, toka karne ya 16 mpaka ya 18, inakuwa midogo, mingi, na ya kipimo kimoja, imelundikwa karibu na mikono ao kiuno cha mfu. Imekuwa feza. Mtu alihesabu misalaba kama sisi tunavyohesabu franga. Kiisha inatoweka, na ushanga unashika mahali pake; huko tumefika kwa ufalme wa Kiluba unaojulikana.

Sasa twaweza kumjibu katekista wetu. Nyungu nyekundu, laini, pasipo mapambo; msalaba mmoja, juu ya kifua. Kaburi lile ni la Kabamba ya kwanza, huenda karne ya 14 ao ya 15. Wakati ule mafundi wa Jingdezhen walikuwa wakichora buluu yao nzito.

Ni za watu gani? Ni za watu wa bonde. Twajua kwamba masimulizi ya Kiluba yanamleta Mbidi Kiluwe toka mashariki, mwindaji mwenye adabu, na kwamba mwana wake Kalala Ilunga alimshinda Nkongolo Mwamba. Hatuna neno na masimulizi hayo. Yanafundisha ginsi mfalme anavyopaswa kula na kuongoza. Lakini wengine, Wazungu na Waafrika, wameyasoma kama ushuhuda kwamba kila kitu kizuri kililetwa na wageni. Makaburi hayasemi hivyo. Wageni wachache huweza kuingia siku zote, na nyungu haziwezi kukataa jambo hilo. Lakini toka Kisale ya kale mpaka Waluba, jambo moja linaingia katika jingine polepole, na shoka na chuma cha kufulia vilikuwako tangu mwanzo. Nyungu zilibadilika, hatuwezi kusema kwa sababu hiyo kwamba watu walifukuzwa.

Je, walikuwa Wakristu? Hapana. Tumesikia mara mbili mhubiri akionyesha msalaba wa mukuba na kusema kwamba Mungu aliwaandalia wankambo alama ya wokovu kabla ya mapadri kufika. Mahubiri yalipendeza watu. Hayakuwa kweli. Umbo lile ni la kalibu ya mukuba, kama IHS ya sahani ilivyokuwa kazi ya kunakili, na mwaka 1960 lilichorwa mara tatu katika bendera ya Katanga kwa sababu ya mali ya nchi, si kwa sababu ya Injili. Tukijenga imani juu ya feza ya zamani, siku mtoto wa shule atakapojifunza ukweli, ataangusha vyote viwili pamoja.

Bali tusipite mbele haraka. Tunalokataa kusema juu ya msalaba, twaweza kulisema kwa haki juu ya nyungu ndogo ya mtoto. Yule aliyeibumba hakudhani kwamba mtoto amekwisha kabisa. Alidhani nini hasa juu ya mahali alipokwenda, hatuwezi kusoma katika udongo, na mwenye kudai kwamba amesoma anajidanganya. Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyefanya kazi kati ya Waluba wa nchi hii ya Kamina, alitoa mwaka 1945 kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu. Kimebishaniwa sana, na vijana wa seminari wanajua mabishano yale kuliko sisi. Lakini Padri alianza kwa kusikiliza, hata mambo yaliyoonekana upuzi. Katika makaburi mengi ya vijiji vyetu tumeona sahani na vikombe vilivyowekwa juu ya kaburi la Mkristu, vimetobolewa chini. Padri anayepita hukasirika ao hutazama pembeni. Tungependa kwanza aulize, na aulize kwa upole, kabla ya kuamua kama ni mapendo kwa mfu ao ni kosa la kuonya.

Na sasa, mambo ya kazi. Mahali jembe linapogonga nyungu na mifupa, msimamishe wachimbaji. Msitoe chombo mahali pake, kwani nyungu iliyotolewa pasipo kuandikwa ilipolala imekuwa kama sahani iliyofutwa: nzuri kwa kabati, bubu kwa elimu. Andikeni siku, mahali, kina cha shimo, kichwa kilielekea wapi, vyombo vingapi na upande gani. Kama kuna simu, pigeni picha. Kiisha mfunike na kupeleka habari kwa wakubwa wa serikali na kwa nyumba ya makumbusho ya Lubumbashi. Mfu asalie na heshima yake, hata asiye mbatizwa. Wachuuzi watakuja na franga. Vyombo vingi vya Afrika vimekwenda kwa njia hiyo, na hakuna anayejua tena vilitoka kaburi gani.

Jambo jingine ni rahisi zaidi, na halingoji kaburi lifunguliwe. Wamama wanaojua kubumba bado wako katika vijiji vya bonde, lakini ndoo za plastiki zinauzwa katika kila soko, na binti zao hawajifunzi. Tunawaomba wakatekista, na vijana wa seminari wanaporudi kwao wakati wa mapumziko, wakae na mama mmoja tangu kuchimba udongo mpaka kuchoma. Waulize udongo unatoka wapi na unachanganywa na nini. Kila sehemu ya nyungu inaitwaje kwa Kiluba, tumbo, shingo, mdomo. Nani haruhusiwi kukaribia moto. Kwa nini mstari huu hapa na si pale. Waandike kama wanavyosikia, pasipo kurekebisha, watupelekee Kamina. Barua fupi na yenye makosa tutaipokea. Padri d'Entrecolles mwenyewe, myaka kumi baada ya barua yake ya kwanza, aliandika ya pili, mwaka 1722, kuongeza yale yaliyokosekana katika ile.